Kwacha ya Pundamilia

Wiki iliyopita kaka yangu Gidi alinipigia simu, na hata salamu hajaimaliza akaniuliza kama ile sarafu bado ninayo. Sikumuuliza sarafu ipi. Kwetu ukisema "ile sarafu" hata mashemeji wanaelewa. Akaniambia Wazambia wametoa pesa mpya, hizi zilizopo zina siku chache za kutumika, na kitu kikishaondolewa sokoni ndipo watu wanapoanza kukitafuta. "Usiiguse, Oliva. Sasa ndiyo inaanza kupanda." Mtu mzima huyo, ana watoto wawili na shamba la kahawa, lakini bado anaongea vilevile alivyokuwa anaongea akiwa kidato cha pili.

Nilifunga kibanda changu cha uwakala mapema, nikaenda nyumbani, nikaitoa sarafu kwenye kiberiti ninachokiweka ndani ya soksi kuukuu chini ya nguo. Niliinusa kabla ya kuiangalia. Wenzangu tuliotumwa dukani na sarafu ngumi ikiwa imefungwa mnaijua hiyo harufu, ile ya chuma kilicholoa jasho, unanawa lakini vidole bado vinanuka. Siku hizi natuma na kutoa pesa za watu kwenye simu kutwa nzima na mikono inabaki safi. Ila harufu ile ikinifikia, naacha nilichokuwa nakifanya. Sio kwa utamu wa utoto, jamani, ni kwa hofu.

Baba yetu alikuwa mbadilisha fedha pale mpakani Tunduma. Alikaa kwenye stuli ya mbao, bunda la shilingi mkono wa kushoto, bunda la kwacha mkono wa kulia, akiwaamkia Wazambia kwa Kibemba chake cha kuokoteza. Kazi ile ina sheria moja ambayo haijaandikwa popote: noti zinabadilishwa, sarafu hazibadilishwi. Hata ungemletea mfuko mzima, baba angetikisa kichwa tu. Ni nzito, hazikunjiki, na ukimpelekea mwenzako wa upande wa pili atakucheka. Kwa hiyo mtu aliyevuka kuja kwetu na sarafu za Zambia mfukoni alikuwa amebeba vyuma tu. Wengine walizitupa kwenye meza ya baba kama zawadi, na baba akaniletea mimi.

Kabla ya hapo sisi watoto tulijua Zambia ni nchi isiyo na sarafu. Mwaka ule walipokata sifuri kwenye pesa yao ndipo zilipoanza kuonekana, mpya, zinateleza mkononi. Nilikuwa darasa la nne. Nilikuwa na tembo wa Zambia watano, na kwa upande wetu nikawa na swala wa shilingi mia, simba wa mia mbili, na kifaru na mtoto wake wa hamsini. Pundamilia, yule wa kwacha moja, nilikuwa naye mmoja tu, kwa sababu kwacha nzima watu hawakuiacha ovyo.

Nilizipenda sarafu zile kwa sababu zilikuwa wanyama. Sikuwa na sababu nyingine. Nilitandika kanga ya mama sakafuni, nikawapanga, nikaweka karatasi juu yao na kupitisha penseli mpaka mnyama ajitokeze. Mwenzangu katika mchezo alikuwa mdogo wetu Eliya, wa miaka miwili. Simba aliwaogopa, tembo aliwadharau, lakini pundamilia alikuwa wake. Alimwita Punda. Akiamka asubuhi alimuulizia Punda kabla ya uji, kisha anakaa naye kiganjani mpaka sarafu inapata joto.

Halafu baba akapigwa. Kipindi kile pesa mpya na za zamani za Zambia zilitembea pamoja, na katika pilikapilika za jioni moja mtu alimpa bunda la hamsini za zamani, baba akalipokea kama hamsini mpya. Hamsini ya zamani ilikuwa hainunui hata andazi. Mtaji wote uliondoka namna hiyo, kwa dakika mbili. Baba alirudi na stuli yake, akaiweka nyuma ya mlango, na haikutoka tena. Alikuwa mtu wa kupiga mluzi akinyoa ndevu. Mluzi ukaisha, na ndevu zenyewe akaziacha.

Gidi ndiye aliyeleta dawa. Jumamosi na jioni za shule alikuwa anauza mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya malori, ile inayoanzia mpakani na siku mbaya inafika mpaka Mpemba. Dereva mmoja aliyekuwa amekwama siku ya tatu alimweleza kwamba huko mbali kuna watu wanaonunua sarafu. Wanataka za toleo la kwanza, seti iliyotimia, ambazo hazijakwaruzwa wala kushikwashikwa, na wanazilipia bei ya gari. Gidi alirudi nyumbani macho yakimwaka. Alichagua moja ya kila aina kwenye sarafu zangu, akazifuta kwa pamba, akaziweka kwenye chupa ya vidonge na kuificha kwenye shimo la ukuta juu ya kitanda chetu. Punda akaingia humo pia. Eliya alilia mpaka akatapika.

Gidi alinieleza masharti kwa sauti ya mwalimu. Ikikosekana moja, hiyo sio seti, ni vyuma. Ikishikwa kwa mkono mchafu, ni chuma. "Tukikaa nazo miaka kadhaa, hizi ndizo zitakazomrudisha baba mpakani," alisema. Na mimi nilimwamini kwa moyo wangu wote. Kuanzia siku ile sikuona tena tembo wala swala. Nikitazama lile shimo ukutani naona stuli ya baba.

Jumamosi moja mama alikuwa sokoni, baba ametoka, Gidi yuko kwenye malori, na mimi nimeachiwa Eliya. Alilia Punda tangu alipoamka. Alikuwa anaelekeza kidole ukutani na kunitazama kama mtu anayedai haki yake. Nikaona nimwonyeshe tu, kidogo, bila kumpa. Nilipanda kitandani, nikafungua chupa, nikamtoa Punda kwa ncha za vidole. Eliya akamdaka. Akakaa naye kimya, anatabasamu, na mimi nikajisahau hapo nikimwangalia alivyofurahi.

Nikasikia mlango wa uani unafunguliwa. Nikajua ni Gidi. Nikamshika Eliya mkono nikaanza kumkunjua vidole, kimoja kimoja, kwa nguvu, na alipozidi kubana nikamfinya. Yeye akafanya kile anachofanya mtoto yeyote anayenyang'anywa, akaitia mdomoni. Nikaingiza kidole changu kumchokonoa. Nakumbuka ncha ya kidole iliigusa ikiwa juu ya ulimi, ikateleza, ikaenda. Alitoa macho, akakohoa, machozi yakamtoka, akawa mwekundu, kisha akavuta pumzi.

Mlangoni hakuwa Gidi. Alikuwa Mama Tumpe, jirani yetu, amekuja kuomba kaa la moto. Akauliza mtoto analilia nini. Nikasema anamtaka mama.

Ningeweza kusema pale pale, na hili nimeliwaza miaka yote. Ila lazima mjue nilichokuwa ninakijua mimi. Kila mama alipochinja kuku nilikaa karibu kusubiri apasue firigisi, kwa sababu ndani hukosi kitu: changarawe, ushanga, na siku moja kifungo cha shati la Gidi. Mama alikuwa anaipasua kwa kisu, anaigeuza kama mfuko, anatoa kilichomo. Kwa akili yangu hiyo ndiyo njia pekee ya kutoa kitu kilichomezwa. Nikisema, watampeleka Eliya hospitali, watamlaza mezani, watampasua. Nikinyamaza, huenda Punda akatoka mwenyewe chini. Kwa hiyo nilinyamaza kwa kumhurumia. Na nilinyamaza pia kwa kujihurumia, nisidanganye. Kwenye chupa nikaingiza shilingi hamsini nyingine ili Gidi akiitikisa asikie uzito uleule.

Siku ile na iliyofuata nilikuwa mlinzi wa poti. Eliya akikaa, nakaa naye. Akimaliza, naenda nayo nyuma ya choo na kijiti. Hakikutoka kitu. Ugali aliutema. Ndizi aliitema. Uji alikunywa vijiko viwili, cha tatu kikarudi puani. Mate yalimtiririka mpaka shingo ikapata vipele, na alikohoa kikohozi kikavu huku anashika koo lake kwa mkono mzima. Mama akadhani ni meno. Baba alinyanyua kichwa mara moja akasema mtoto anapungua. Mimi nilikuwa nahesabu vijiko vya uji vilivyoingia na vilivyorudi.

Jumapili baada ya ibada Mama Tumpe aliingia, akamlaza Eliya miguuni, akamulika kooni kwa tochi ya simu. Akasema hakuna meno hapo, hicho ni kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, kwetu mtoto akikohoa na kukataa chakula watu wanasema kimerefuka, na kikirefuka kinakatwa. Watoto wake wote alikuwa amewakatia kwa mzee mmoja wa Chapwa mwenye mkono mwepesi. Mama akasita, akamwangalia baba. Baba akasema kama kesho hajala aende naye.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipovurugika. Nilipima visu viwili usiku kucha, kisu kidogo cha kooni na kisu kikubwa cha tumboni. Kidogo kilikuwa afadhali. Lakini kidogo kisingemtoa Punda, na baadaye kikubwa kingekuja palepale. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nachagua mdogo wangu akatwe wapi.

Jumatatu sikwenda shule. Mama alimbeba Eliya mgongoni, mimi nikabeba mfuko wa nguo na chupa ya maji, tukatembea hadi Chapwa. Eliya alikuwa hana hata nguvu ya kulia. Mate yake yalikuwa yamelowesha kitenge cha mama, na mama alikuwa anaomba chinichini kwa Kinyamwanga, lugha anayoitumia akiwa amezidiwa. Nilitembea nyuma yao nikiutazama ule mdomo ulio wazi. Mara tatu nilifungua wangu, mara tatu nikaufunga.

Kwa mzee kulikuwa na wanawake wawili mbele yetu kwenye benchi. Yeye alifanyia kazi chini ya paa la jikoni, mtu msafi, ana aproni, ana beseni la maji ya moto na kisu kidogo kilichopinda mfano wa mundu. Mtoto wa kwanza aliingia akilia na akatoka akilia zaidi, amebandikwa kitambaa mdomoni, kitambaa chenye damu. Wa pili hivyohivyo. Mama alifumba macho. Kisha tukaitwa.

Mama alikaa kwenye kigoda, akampakata Eliya, mzee akamfunga mikono kwa kitenge ili asirushe. Halafu akanitazama mimi akasema, "Wewe dada mtu, mshike miguu." Nikapiga magoti, nikamshika miguu. Ilikuwa ya baridi. Mzee aliingiza kijiti bapa kukandamiza ulimi, Eliya akatoa sauti ambayo sijaisikia kwa mtoto tena, na macho yake yakanishukia mimi niliye chini. Hakuwa ananishtaki, mtoto wa miaka miwili anajua nini. Alikuwa ananitafuta tu, kama alivyonitafuta siku zote akiogopa. Mkono wa mzee wenye kisu ukanyanyuka.

"Mama, siyo kimeo," nilisema. "Amemeza kwacha."

Kisu kilisimama. Mama hakuelewa, akaniuliza nini, na mimi nikarudia huku nimeikumbatia ile miguu, amemeza sarafu, kwacha, Jumamosi, iko ndani. Mzee alitoa kijiti taratibu, akaweka kisu kwenye beseni, akafungua kitenge.

"Mkimbizeni hospitali," alisema. "Mimi sikati pesa."

Mama alimpigia baba, tukakutana njia panda, tukapanda bajaji kwenda hospitali ya Vwawa. Foleni ya malori ilikuwa imeziba barabara, na dereva wetu alipita pembeni kwenye vumbi, tairi moja mtaroni. Mama alikuwa anampulizia Eliya usoni. Mimi nilikuwa nawaza meza na kisu kikubwa, na kwamba ni mimi niliyempeleka huko kwa mdomo wangu.

Walimpiga picha. Daktari, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, aliiinua ile picha dirishani, na palepale katikati ya shingo ya mdogo wangu kulikuwa na duara jeupe, safi, kama mwezi. Haikuwa hata imefika tumboni. Ilikuwa imekwama njiani, na chakula kilikuwa kinaigonga na kurudi. Baba aliuliza kwa sauti ndogo kama atapasuliwa.

"Apasuliwe kwa nini, baba? Tunaivuta ilikopitia, kwa mrija. Hatukati mtu hapa."

Nikakaa chini sakafuni. Siku mbili. Siku mbili nilizompimia mdogo wangu visu, na hapakuwa na kisu hata kimoja.

Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Walitoka na Eliya amelala begani kwa muuguzi, na sarafu ikiwa kwenye kipande cha shashi. Daktari akauliza nani aliyejua kwamba amemeza, mama akanionyesha mimi, na daktari akanishika kichwa akasema umemwokoa mwenzio. Baba aliichukua ile shashi. Nilisubiri kofi, na nilikuwa nalitaka. Yeye akaniwekea sarafu mkononi na kufunga vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja. Kesho yake aliishusha chupa ya Gidi, akawapa wabeba mizigo wanaovuka kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, sarafu zote za Zambia wakanunulie mikate. Gidi alilia kijana mzima. Kisha baba akanyoa ndevu, akatoa stuli nyuma ya mlango, akaenda kuomba kazi kwenye meza ya mwenzake.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa shujaa wa ukoo. Kwenye kila harusi, kila msiba, lazima shangazi mmoja aeleze jinsi Oliva alivyosema kisu kikiwa hewani. Hakuna aliyewahi kuuliza ile sarafu iliingiaje mdomoni. Mtoto alikuwa anachezea akameza, basi. Na mimi nikaacha iwe hivyo, nikala pilau ya sifa zisizo zangu miaka yote hii, na kiberiti nikakificha kwenye soksi.

Siku ile Gidi aliponipigia, jioni yake Eliya alipita kwangu akitoka shule. Sasa ni mrefu kunipita, sauti inamkatika. Nilimpa kiberiti akakifungua. Sarafu ina doa jeusi ukingoni, pundamilia amefifia. Nikamwambia yote, kwamba sikumlinda, nilimfinya vidole, nilimchokonoa, nilimnyang'anya kwa sababu ya bei ya gari ambayo hatujawahi kuiona. Nililia, sioni haya kusema. Yeye alikuwa anaigeuza tu kiganjani.

"Kwa hiyo dada, hii ilikuwa yangu," alisema.

Nikamjibu ndiyo, ilikuwa yako.

"Na kaka Gidi anasemaje?"

Nikamwambia amesema isiguswe, inapanda. Eliya akaguna, akaitia mfukoni, akatoka. Nilidhani amekasirika. Baada ya kama nusu saa akarudi amelowa jasho, amevuka mpaka Nakonde na kurudi. Muuza duka alitaka kuikataa kwa sababu ya doa, alisema, lakini Eliya akamwambia bado pesa ni pesa mpaka siku itakapokufa. Akafungua ngumi. Zilikuwa pipi mbili, moja akanipa.

Nilimuuliza tutamwambia Gidi nini. Eliya akacheka, pipi iko mdomoni, mdomo wazi wote kama alivyokuwa anacheka akiwa mdogo, na kule nyuma, juu ya ulimi uliogeuka mwekundu, nikakiona kimeo chake kinaning'inia, kizima.